Kilichokuwa Ndani ya Mbegu ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Majani yakiota ng'ombe hawana kazi nyingine ila kutoa maziwa, kwa hiyo hadi Juni kiwanda kitapokea mara mbili ya kawaida na sote tutatembea tumelowa. Kila msimu kama huu huwa najiahidi kuandika, kwa kuwa daftari la maabara halipokei jambo lisilo na kipimo. Mwaka huu nimenunua daftari.

Mimi ni mpimaji wa kiwanda, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu kubwa ni kutunza mbegu. Mbegu ni jina tunalowapa bakteria tunaowatia kwenye maziwa ili yagande yawe mtindi. Mbegu ya zamani niliikuta kwenye jokofu siku nilipoajiriwa. Mbegu mpya niliiomba mwenyewe mwaka jana. Niliandika kurasa sita kueleza kwamba zikichanganywa, robo ya zamani na robo tatu mpya, mtindi utakuwa mzito na wenye harufu nzuri. Leo tumezichanganya kwa mara ya kwanza, tangi la pili na la tatu; la kwanza ni la kupokelea maziwa tu. Tangi la nne, lile la siagi, limebaki na mbegu ya zamani peke yake.

Meneja alishuka mwenyewe kuangalia. "Haya, mama wa mbegu," akasema, "usituaibishe."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mtindi umeganda kwa saa tano na nusu. Mzito.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Matangi yote mazuri. Nimebeba lita moja nyumbani. Wifi yangu ni fundi cherehani, anaishi nasi tangu mwaka juzi. Amekula bakuli tatu, akasema sasa ndiyo ameelewa kaka yake alifuata nini kwangu.

Jumatano, 19 Machi

Tangi la pili limegoma. Saa sita zimepita na maziwa ni maji matupu. Kipimo cha asidi kimesogea kidogo mno. Tulisubiri saa nyingine nne, kisha yakafunguliwa yote kwenye mfereji. Mama Brashi alisimama pale akiyasukuma na brashi yake ya mpini mrefu. Ndiye mwosha matangi, yupo hapa miaka kumi na tisa, na brashi hiyo haiguswi na mtu mwingine.

"Pole, mwanangu," akaniambia. Nilikuwa nahesabu saa.

Alhamisi, 20 Machi

Tangi la pili tena.

Ijumaa, 21 Machi

Sasa na la tatu.

Nimeotesha mbegu mpya kwenye visahani hadi ikatanda kama ukungu mweupe juu ya kioo, nikadondoshea maji ya maziwa yaliyogoma, yakiwa yamepitishwa kwenye chujio ambalo bakteria hapiti. Penye tone pamebaki kishimo kisafi. Kitu kidogo kuliko bakteria kimewaua bakteria. Ni virusi wao. Bakteria nao wana virusi wao, kama sisi tulivyo na wetu. Anajibandika nje, anaingiza uzi wake wa DNA, anazaliana humo ndani, na kwa muda wa saa moja hivi bakteria anapasuka na kumwaga virusi mia.

Vitabu vyote nilivyosoma vinasema watafutwe kwenye uchafu: maziwa ya jana yaliyobaki kwenye maungio ya mabomba.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi bomba alifungua maungio ya tangi la pili. Kwenye ungio la tatu kutoka ukutani palikuwa na ganda la maziwa makavu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nililiweka kwenye kichupa.

"Umepata?" Meneja akauliza kwenye simu.

"Nimepata."

"Andika."

Nimeandika kurasa mbili. Zimenichukua dakika arobaini.

Jumatano, 26 Machi

Kila Jumatano asubuhi wafanyakazi wote hukusanyika chini ya paa la kupakilia mizigo. Leo Meneja alinipa ripoti yangu mwenyewe niisome kwa sauti. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nisome kwa kupaza, na maneno ninayoyaandika kwa upole yakipazwa yanakuwa mengine. Nilisoma: "Chanzo cha virusi ni usafi hafifu wa mabomba ya tangi la pili." Hakuna jina ndani yake. Lakini kila mtu anajua nani anaosha tangi la pili, na wote walimgeukia.

Mama Brashi alikuwa nyuma, karibu na mizani. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Nina swali kwa mpimaji."

"Uliza," akasema Meneja.

"Tangi la pili naliosha mimi. La nne naliosha mimi. Brashi ni hiihii, sabuni ni hiihii, na bomba la la nne ndilo bovu kuliko yote. Mbona la nne halijafa?"

Watu wakanitazama mimi sasa. Nikasema virusi huchagua, si kila mbegu huathirika sawa. Ni kweli. Si jibu la alichouliza.

"Haya," akasema Meneja. "Mama, utapumzika nyumbani tukisubiri uamuzi."

"Kupumzika nimeomba?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Mama Brashi aliosha brashi yake bombani, akaitundika, akaenda. Hakunitazama. Nami nilikuwa na sampuli za saa tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Kampuni ya usafi imemaliza. Vijana wanane wenye buti za manjano na mashine ya mvuke. Wamefungua kila ungio, wamebadilisha mipira yote, hata kuta zimesuguliwa. Nimefungua vichupa vipya vya mbegu zote mbili, nikachanganya, tukaanza upya.

Jumamosi, 5 Aprili

Mtindi mzuri. Meneja ameniambia nafasi ya mkuu wa ubora itajazwa mwezi ujao. 

Ijumaa, 11 Aprili

Tangi la pili limegoma.

Nilisimama nikitazama kipimo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna maziwa ya jana kwenye mabomba yale. Unaweza kulamba ndani yake.

Meneja anasema uchafu wa miaka kumi na tisa hauondoki kwa siku moja. Nimesema huenda. Kampuni itarudi.

Jumamosi, 12 Aprili

Tangi la tatu limegoma. La nne zima. La nne halijawahi kugoma hata siku moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeanza jaribio ambalo hakuna aliyeniagiza.

Tofauti ya la nne na mengine si brashi wala bomba. La nne halina mbegu mpya. Kwa hiyo yule mama aliuliza swali la maabara, mbele ya watu wote, na mimi mwenye maabara nikampa jibu la mtaani.

Nimechukua mbegu ya zamani, ile ambayo haijawahi kuugua, nikaiweka chini ya taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana unaojeruhi DNA, kwa sekunde kumi na tano. Kisha nimeiacha ikue gizani saa tatu, nikaichuja, na nikadondoshea maji yake juu ya mbegu mpya.

Jumanne, 15 Aprili

Visahani:

Maji ya mbegu ya zamani iliyopigwa taa, juu ya mbegu mpya: vishimo visivyohesabika.

Maji ya mbegu ya zamani bila taa, juu ya mbegu mpya: vishimo thelathini na viwili.

Maji yaleyale, juu ya mbegu ya zamani yenyewe: hakuna hata kimoja.

Maji ya mbegu mpya iliyopigwa taa, juu ya mbegu ya zamani: hakuna.

Nimerudia yote tangu mwanzo, kwa kichupa ambacho hakijawahi kutoka kwenye jokofu la maabara, yaani hakijawahi kuonja bomba la mtu yeyote.

Jumatano, 16 Aprili

Vilevile.

Virusi hakutoka nje. Alikuwemo ndani ya mbegu ya zamani, kabla ya Mama Brashi kushika brashi pengine, na aliyemkutanisha na mbegu isiyo na kinga ni mimi, kwa kurasa sita.

Sikumwambia Meneja leo. Alikuwa na wageni.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Meneja hakuwa na wageni. Sikumwambia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mchana nilikaa chumbani kwa wifi, kwenye kiti cha wateja, nikimtazama akishona gauni la bibi harusi ambaye tumbo linamkimbiza fundi. Akasema uso wangu unamharibia mshono, niseme kilichopo au nitoke. Nikasema.

"Ngoja," akasimamisha cherehani. "Huyo virusi si anaua? Sasa amekaaje ndani miaka yote na mwenyeji wake mzima?"

Nikamweleza hivi, na ninaandika hapa kwa sababu nilipomweleza ndipo nami nilipoelewa sawasawa. Virusi wa aina hii akiingia ana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kuzaliana na kupasua. Ya pili, uzi wake wa DNA unajiunga ncha kwa ncha unakuwa pete. Kwenye pete hiyo pana kipande kifupi cha herufi za urithi kinachofanana na kipande kilichomo kwenye kromosomu ya bakteria. Vipande hivyo viwili vinawekwa ubavu kwa ubavu. Kimeng'enya cha virusi kinakata hapa na pale, kinaunga ncha za huku na ncha za kule, na ile pete inafunguka ikawa sehemu ya kromosomu. Hakuna herufi inayopotea.

"Kufumua mshono, kuchomeka kipande na kushona tena," akasema wifi.

"Ndivyo."

"Na mwenye gauni hajui."

"Hana kwa kujulia. Akijigawa ananakili uzi wote, na cha virusi kinanakiliwa. Watoto, wajukuu, vilembwe, wote wanacho. Virusi ameacha jeni chache tu zikiwa macho. Mojawapo inatoa protini inayozizima nyingine. Na protini hiyohiyo inamzima virusi mwingine wa aina yake akija, ndiyo maana mbegu ya zamani haiugui."

"Na akitaka kutoka?"

"Hataki wala hakatai. DNA ya bakteria ikiumia, kwa mwanga ule kwa mfano, bakteria anaanza hekaheka ya kujitengeneza, na kwenye hekaheka hiyo protini inayozima inakatika. Uzi wa virusi unachomoka palepale ulipoingilia, unazaliana, unapasua. Hata bila mwanga, wachache katika maelfu huamka wenyewe. Wakiwa peke yao hakuna anayeona. Mimi nikawawekea jirani asiye na kinga, virusi wakaongezeka kidogo kidogo hadi wakammaliza, na robo ya zamani iliyobaki haikutosha kugandisha tangi."

Wifi alikata uzi kwa meno. "Yule mama wa brashi unamwambia lini?"

"Kwanza nahakikisha."

"Umehakikisha mara ngapi?"

"Mbili."

"Na ile ripoti yake uliihakikisha mara ngapi?"

Akaendelea kushona. Nilikaa mpaka alipomaliza mkono wa kushoto.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeondoa mbegu mpya. Matangi yote sasa yana ya zamani tupu. Kwenye daftari nimeandika "marekebisho ya uwiano".

Jumatano, 23 Aprili

Yote yameganda. Asubuhi kwenye mkusanyiko Meneja ameishukuru kampuni ya usafi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Sikusema. Brashi bado imetundikwa bombani. Vijana wa buti za manjano wana brashi zao.

Ijumaa, 2 Mei

Meneja aliniita. Juu ya meza palikuwa na barua mbili. Ya kwanza inanipa ukuu wa ubora kuanzia Juni. Ya pili inamwachisha Mama Brashi kazi kwa uzembe, na nyuma yake zimebanwa kurasa zangu mbili.

"Bila ripoti yako tusingeweza," akasema, kwa nia njema kabisa. "Weka sahihi hapa chini, kama mtaalamu."

Nikachukua kalamu. Sahihi yangu ni fupi, herufi mbili na mstari. Niliandika herufi ya kwanza, nikaishia hapo.

"Kuna nini?"

Nikasema naomba niisome ile ripoti tena hadi Jumatatu. Akashangaa, kwani niliyeiandika ni mimi. Akaniruhusu. Barua ya kwanza nimeiacha mezani kwake.

Jumapili, 4 Mei

Nimeandika ripoti ya pili. Kurasa tatu. Imenichukua siku mbili. Sentensi ngumu kuliko zote ni fupi: "Aliyependekeza mchanganyiko huu ni mwandishi wa ripoti hii." Niliiandika mara ya kwanza kama "ilipendekezwa". Nikaifuta.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimpelekea Meneja ripoti na visahani vinne. Akaviinua kimoja kimoja kwenye dirisha, akaona vishimo, akavirudisha taratibu. Si mjinga.

"Matangi yanaganda?"

"Yanaganda."

"Basi yamekwisha. Unafukua nini?"

"Barua ile."

"Mama yule ana umri wa kustaafu. Tutamwongezea kitu kidogo, aende salama. Wewe utapanda, kiwanda kitaendelea. Nani ameumia?"

"Ameandikwa mzembe."

"Na hii ikitoka utaandikwa wewe. Umefikiria?"

"Nimefikiria wiki tatu."

"Wiki tatu unajua?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo alipokasirika, na nadhani alikuwa na haki. Alisema ripoti itakaa mezani kwake. Nikasema itakaa pia mezani kwa wenye kiwanda, nimeshaweka nakala kwenye bahasha, lakini sijaituma. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. 

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mama Brashi baada ya zamu ya asubuhi. Vyumba viwili nyuma ya duka la misumari. Anafulia shuka za nyumba ya wageni siku hizi. Kamba zimejaa uani na mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Alinipokea vizuri, akanionyesha ndoo ya kukalia iliyogeuzwa. Sikukaa. Akanipa ncha ya shuka tukamue pamoja, huku nikieleza.

Maji yalipoisha kwenye shuka akauliza, "Hao wadudu walikuwemo tangu lini?"

"Kabla yangu."

"Na kabla yangu?"

"Huenda."

"Basi tumekula nao sahani moja, na mtindi uko sawa." Akaikung'uta shuka. "Swali langu siku ile ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Ukalijibu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na jibu."

"Si kweli. Ulikuwa na ripoti."

Nikasema naomba msamaha. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea chenji, akatundika shuka. Kisha akasema bila kugeuka: "Mtoto wa dada yangu yuko pale kiwandani, upande wa kupakia. Siku ile alisimama palepale anasikia shangazi yake anasomwa uchafu. Msamaha wa hapa uani ni wetu wawili. Ulinisoma mbele ya watu. Nisome tena mbele ya watu."

"Meneja huenda asikubali."

"Hilo la Meneja ni lako na Meneja."

Alhamisi, 8 Mei

Meneja amekubali. Hakusema kwa nini. Nadhani ni bahasha. Wifi anasema nisiwanyime watu wema wao, huenda ameona tu kuwa ni haki. Sijui. Nimeandika yote mawili.

Jumatano, 14 Mei

Mvua ndogo. Bati halikupiga kelele, kwa hiyo sikuhitaji kupaza.

Mama Brashi alikuja na kitenge kipya, akasimama mbele kabisa. Nilisoma kurasa tatu. Nilipofika kwenye kromosomu niliona macho yanaanza kuzurura, nikaacha karatasi nikasema kwa maneno yangu: virusi alikuwa ameshonewa ndani ya mbegu ya zamani, haonekani, haui, na mimi nikaichanganya na mbegu asiyoizoea. Mabomba hayakuhusika. Ganda la maziwa nililolipata halikuwa na kosa lolote ila kukaa mahali ambapo nilitaka kulikuta.

Mpakiaji mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ulijua lini?"

Hilo halikuwemo kwenye ripoti. "Tarehe kumi na tano Aprili," nikasema.

Mtu akapiga mluzi mdogo. Mama Brashi aligeuka, na mwenye mluzi akanyamaza. Kisha akasema neno moja, "Nimesikia," akaenda ofisini kwa karani kuulizia mshahara wake wa wiki saba.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepewa barua ya onyo. Ukuu wa ubora amepewa mpimaji wa zamu ya mchana. Ni mtu makini, atafaa. Nilitarajia kuumia zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Mama Brashi amerudi kazini. Amelipwa. Ametundua brashi yake, akaikagua unyoya kwa unyoya, akaitupa, akaomba mpya. Tumesalimiana. Mazungumzo hakuna.

Jumanne, 27 Mei

Jua nusu siku. Maziwa yameanza kupungua. Nimeagiza mbegu nyingine, na safari hii kila moja itapigwa taa kwanza na kujaribiwa juu ya mwenzake kabla hazijakutana popote. Itachukua miezi miwili. Mkuu wangu mpya alikubali.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna mvua siku ya nne. Tangi la tatu limechelewa saa moja na robo kuganda. Si kugoma, ni kuchelewa, lakini lazima iandikwe. Nimeandika nusu ukurasa. Kabla ya kuweka sahihi nimeshuka nao hadi kwenye matangi. Hakuna aliyeniagiza hilo pia.

Mama Brashi alifuta mikono kwenye aproni, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akasimama katikati.

"Hapa. 'Mpira wa valvu umechakaa, unapitisha maji ya baridi.' Umeuona?"

"Fundi bomba kaniambia."

"Sijauliza nani kakuambia."

Akachukua spana ukutani, akanipa mimi. Yeye akashika taa. Nati ilikuwa ngumu, nilitumia mikono yote miwili na uzito wangu wote, naye hakunisaidia. Ilipofunguka tuliinama wote wawili tukatazama. Nikaingiza kidole nikazungusha pembeni pote.

Mpira ulikuwa mzima, laini kama siku ulipowekwa.

Nimerudi juu nikafuta mstari ule. Mahali pake nimeandika: sababu haijajulikana. Kisha nikaweka sahihi.